Athar

Kisu kilikuwa cha nguru aliyetoka kwenye friza,
na nguru aligeuka.
Ndivyo anavyosimulia Shangazi Ghaniya wa Mudhairib,
kana kwamba samaki ndiye mwenye kosa.
Tangu siku ile kidole gumba chake
ni mgeni kwenye mkono wake mwenyewe:
kipo, kinakula sahani moja na wenzake,
hakisemi.

Na yeye ni mshonaji wa kofia.
Matundu mamia kwa mamia kwenye kitambaa cheupe,
kila tundu limezungushiwa uzi.
Sindano usiyoisikia ndiyo inayokuchoma.
Kofia ya mwisho ina nukta nyekundu. Hakuiuza.

Mimi niko Maskati, ghorofa ya pili,
chumba kinachonuka spiriti na maranda ya panya.
Tunatengeneza mrija,
mwembamba kuliko mrija wa wino wa kalamu,
asili yake maganda ya kamba
tuliyoyaosha, tukayayeyusha,
hata harufu ya bahari ikatuaga.
Ndani ya mrija, jeli.
Ndani ya jeli, vitone vya kichocheo
kinachouambia mshipa wa fahamu: kua, njoo, huku.

Shida si kukipata. Shida ni pupa.
Mwaka wa kwanza tulikimimina chote kwa mpigo.
Nyuzi zikachipua kwa fujo,
zikajisokota palepale kama uzi uliochezewa na paka,
zikashiba, zikakataa kuondoka.
Nani ahame penye karamu?
Ng'ambo ya kidonda misuli ikangoja, ikasinyaa.
Panya wa kumi na saba aliburura mguu
mpaka siku yake ya mwisho.

Likizo ile nilikwenda Mudhairib na hasira zangu.
Musallam alikuwa anagawa maji ya falaji,
simu mkononi badala ya kivuli cha kijiti,
tambara na jiwe mdomoni mwa mfereji.
Nusu saa yako ikiisha anaziba, anazibua kwa jirani.
Nusu saa hiyo wanaiita athar.
Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunasikia athari,
na siku ile sikuona kama nimekosea.
Nikamuuliza, ukiyaachia yote je?
"Mtende wa kwanza unaoza, wa mwisho unakuwa kuni,"
akasema, akaendelea kutazama simu.

Tukarudi tukaifunga jeli kwa mafundo:
ya karibu imumunyuke wiki ya kwanza,
ya katikati ikaze hadi ya tatu,
ya mbali ibane kitone chake kama bahili
mpaka nyuzi zibishe hodi.
Panya wa thelathini na moja alinyanyuliwa mkia
akatandaza vidole vya mguu, vyote vitano.
Nilitoka nikakaa kwenye ngazi.
Sikumwambia mtu.

Kasoro shangazi. Kosa langu.
"Basi nitie mimi."
Haijafika kwa watu, shangazi.
"Panya kanishinda nini?"
Panya haulizwi. Wewe utaulizwa, utatia saini
karatasi ambazo bado hazijaandikwa.
Akanyamaza ule unyamavu wa Sharqiya,
wa kumimina kahawa bila kukutazama.

Daktari alimshona ncha kwa ncha, basi.
Milimita moja kwa siku, alisema, ukipenda wenyewe.
Shangazi akachukua utepe wa fundi,
akapima kutoka kovu hadi ncha ya gumba,
akaanza kofia mpya kwa mkono wa kushoto.
Tundu moja kila usiku. Matundu mabaya, yamepinda.

Jana sauti yake kwenye simu, na mbuzi nyuma yake:
"Nikigonga hapa, sisimizi wanatembea."
Hapa wapi?
"Tundu la sitini na mbili."
Nikaliandika daftarini, ukurasa wa panya,
chini ya safu ya wiki ya tisa.
Nikataka kulifuta: yeye hayumo kwenye jaribio.
Kalamu ilikuwa ya wino.